Trilioni Tano za Shah Rukh Khan na Sukari ya Lugazi

Kila orodha ya matajiri wa India inapotoka, makundi ya WhatsApp ya Kampala, Busia na Malaba huchemka. Oktoba 2025 yalichemka kupita kawaida, kwa sababu Hurun, kampuni inayowaorodhesha matajiri wa India kila mwaka, ilimwingiza Shah Rukh Khan kwa mara ya kwanza kwenye safu ya mabilionea wa dola: rupia krori 12,490, sawa na dola bilioni 1.4. Kwa pesa yetu ya Uganda ni kama shilingi trilioni 5. Bajeti nzima ya serikali yetu kwa mwaka wa fedha 2025/26 ni trilioni 72 na ushei, kwa hiyo mwigizaji mmoja ameandikiwa kiasi kinachokaribia asilimia 7 ya bajeti ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 45.

Hapo mabishano huanza. Mmoja anaapa kwamba Shah Rukh analipwa mabilioni kwa kila filamu. Wa pili anatuma picha ya ndege binafsi, ambayo ukiichunguza vizuri ni ya mtu mwingine kabisa. Wa tatu, mara nyingi mwenye duka, anauliza swali la maana kuliko wote: hizo pesa ziko benki gani? Makala hii naiandika kwa ajili ya huyo wa tatu.

Kwanza tuondoe tatizo la kuhesabu. Wahindi wanapotaja pesa kubwa hutumia laki na krori. Laki tunayo sote, elfu mia moja. Laki mia moja zikikusanyika ndiyo krori, yaani milioni 10. Krori 12,490 basi ni rupia bilioni 124.9. Anayeisoma krori kana kwamba ni bilioni anamzidishia mtu utajiri mara mia, na ukikuta mahali pameandikwa kwamba nyota fulani wa Bollywood ana mali kuzishinda nchi tano za Afrika kwa pamoja, anza kulitafuta kosa hapo.

Sasa twende kwenye mali yenyewe.

Mwaka ambao hakuonekana

Chukua orodha mbili za Hurun uziweke pamoja. Ya mwaka 2024 ilimpa Shah Rukh krori 7,300. Ya 2025 ikampa 12,490. Katika muda wa mwaka mmoja ameongezewa zaidi ya krori 5,000, na katika muda huo hakutoa filamu hata moja akiwa mhusika mkuu. Ya mwisho ilikuwa Dunki, Desemba 2023. Kama utajiri wake ungekuwa ujira wa kuigiza, mwaka wa kukaa bila filamu ungempunguzia, au angalau ungemwacha palepale.

Tazama na mtu wa pili kwenye orodha hiyohiyo ya watu wa sinema. Ni Juhi Chawla na familia yake, krori 7,790. Vijana wa leo wengi hawamjui; waliokuwa wakikodi kanda za VHS miaka ya 1990 ndio watakaomkumbuka, yule dada wa tabasamu pana aliyecheza na Shah Rukh kwenye Darr. Siku hizi anaonekana kwenye filamu mara mojamoja tu. Wa tatu ni Hrithik Roshan, ambaye bado anajaza kumbi na sura yake iko kwenye mabango: krori 2,160. Kwa hiyo mama aliyekwisha kuacha mbio za filamu anamzidi kijana wa mabango zaidi ya mara tatu.

Kitu kinachowaunganisha Shah Rukh na Juhi kuliko filamu zote walizocheza pamoja ni kilabu cha kriketi.

Kolkata ilinunuliwa kabla ya mechi ya kwanza

Januari 2008, bodi ya kriketi ya India, BCCI, ilipiga mnada vilabu 8 vya ligi mpya iitwayo IPL. Ligi yenyewe ilikuwa haijachezwa hata mechi moja. Kilabu cha Kolkata kilichukuliwa kwa dola milioni 75.09, zinazolipwa kwa mafungu katika miaka 10. Waliokichukua walikuwa wawili: Red Chillies Entertainment, kampuni ambayo Shah Rukh aliianzisha mwaka 2002 pamoja na mkewe Gauri, na kundi la biashara la Mehta, ambalo mwenye nalo, Jay Mehta, ndiye mume wa Juhi Chawla. Red Chillies ina asilimia 55, Mehta 45. Kilabu kikaitwa Kolkata Knight Riders, na tangu hapo kimechukua ubingwa mara tatu: 2012, 2014 na 2024. Kina pia ndugu zake katika ligi za Trinidad, Abu Dhabi na Los Angeles.

Najua wengi wetu hapa kriketi tunaiona Lugogo tukiwa kwenye taksi, tunaipita. Mwaka 2024 Uganda ilikwenda Kombe la Dunia la T20 na kuifunga Papua New Guinea, tukashangilia, kisha tukarudi kwa Arsenal. Lakini ili uelewe pesa za Shah Rukh huna haja ya kujua sheria za mchezo. Jua kitu kimoja tu: haki za matangazo. Haki za kuonyesha IPL kwa miaka mitano, 2023 hadi 2027, ziliuzwa kwa rupia krori 48,390, zaidi ya dola bilioni 6. Sehemu kubwa ya pesa hizo hugawiwa vilabu, ashinde asishinde. Juu yake weka wadhamini wa jezi na tiketi za uwanja wa Eden Gardens. Kilabu kinachovuna hivyo kila mwaka bei yake haiwezi kubaki ile ya 2008.

Bei hiyo ilijulikana kwa njia ya jirani. Oktoba 2021 BCCI iliuza vilabu vipya viwili: Lucknow kwa krori 7,090 na Ahmedabad kwa krori 5,625. Kolkata haikuuzwa, wala hakuna aliyeleta pesa mlangoni kwa Shah Rukh. Fikiria mzee mwenye kiwanja Kajjansi, alichokinunua zamani kwa bei ya ng'ombe wawili. Barabara ya kasi ya Entebbe ikapita, jirani yake akauza cha kwake kwa mamia ya milioni. Mzee hajapokea hata shilingi na bado anapanda boda kwenda msikitini, lakini mthamini akija na karatasi yake, atamwandika tajiri. Mwaka 2022 jarida la Forbes lilikithamini kilabu cha Kolkata kwa dola bilioni 1.1. Asilimia 55 yake ni dola milioni 605. Hapo hatujagusa filamu, nyumba wala saa ya mkononi, na tayari tumepata sehemu nono ya ule utajiri uliotangazwa.

Kwa hiyo yule mwenye duka ajibiwe hivi: pesa hizo haziko benki. Nyingi ni hisa, yaani makadirio ya kile ambacho mtu angelipa leo kama Shah Rukh angekubali kuuza. Anaweza kuziwekea mkopo, anaweza kupata gawio la faida mwaka ukiwa mzuri, lakini hawezi kwenda nazo Owino kununua shati. Na waandaaji wa orodha hizi huzikokotoa wakiwa nje ya vitabu vya kampuni. Ndiyo maana jarida moja likisema hivi, jingine linasema vingine, na wote wawili si waongo.

Barabara ya Jinja

Hapa ndipo mimi hupenda kusimama kidogo, maana habari hii tunaisoma kama ya Mumbai, kumbe ina mizizi kwetu.

Hilo kundi la Mehta lenye asilimia 45 ya Kolkata ni lile lile la sukari ya Lugazi. Mwanzilishi wake, Nanji Kalidas Mehta, alikuwa Mgujarati wa upande wa Porbandar aliyevuka bahari kuja Afrika Mashariki akiwa bado mvulana, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alianza na duka, akaingia kwenye pamba na mitambo ya kuichambua, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi. Jay Mehta, mume wa Juhi na mbia wa Shah Rukh, ni mjukuu wake.

Anayesafiri kwa barabara kutoka Kampala kwenda Jinja anaijua Lugazi bila kuonyeshwa. Unapita Mukono, miwa inaanza kujipanga pande zote mbili, trekta linakuja polepole likivuta matela yenye shehena iliyolala huku na huku, na watoto wanalivizia kwa nyuma wachomoe muwa mmoja mmoja. Gari lako linalazimika kufuata mwendo wa trekta. Dereva analaani kidogo, abiria wanacheka. Hilo trekta liko kwenye ukoo mmoja wa biashara na jezi za zambarau zinazokimbia Eden Gardens.

Ukoo huo haukuja kirahisi hadi leo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, mali zao zikataifishwa, na kiwanda cha Lugazi kikazorota kama vingine. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 familia ikarudi, kiwanda kikafufuliwa, kikawa cha kampuni ya Sugar Corporation of Uganda, yaani SCOUL. Kisha mwaka 2007 jina hilo likawa kwenye kila kinywa kwa jambo jingine: mpango wa serikali wa kuipa kampuni hiyo hekta 7,100 za msitu wa Mabira ipande miwa. Aprili ya mwaka huo watu waliandamana Kampala, wengine wakauawa, na watu wakahamasishana kwa simu wasinunue sukari ya Lugazi. Mpango ukasitishwa, na Mabira bado imesimama pale. Unaipita ukishamaliza kuku wako wa kuchoma wa Najjembe. Mnada wa Kolkata ulifanyika Januari iliyofuata.

Sitaki msomaji aruke mbali. Kundi la Mehta lina viwanda vya saruji Gujarat na biashara nyingine nje ya Uganda, kwa hiyo haitakuwa haki kusema kila senti iliyoweka jina kwenye hati ya Kolkata ilikamuliwa kwenye muwa wa Buikwe. Lakini mtu akiniambia utajiri wa Bollywood hautuhusu, nitamwomba kwanza aangalie pakiti ya sukari iliyoko jikoni kwake.

Na si Lugazi peke yake. Mwaka 1974 Mumtaz, mmoja wa waigizaji wa kike waliotamba sana India wakati huo, aliolewa na Mayur Madhvani, wa familia ya sukari ya Kakira, ile iliyofukuzwa Uganda miaka miwili tu kabla. Kwa hiyo dereva wa lori anayetoka Malaba anapita kwanza mashamba ya Kakira, anavuka Nile pale Jinja, anauacha msitu wa Mabira, kisha anaikuta Lugazi. Katika barabara hiyo moja amezipita familia mbili za sukari ambazo zote zimeoa Bollywood. Wafanyabiashara wale walijua kitu ambacho sisi watazamaji tumechelewa kukijua: jina la mwigizaji likikaa karibu na mtaji mkubwa, vyote viwili huongezeka bei.

Na filamu je?

Filamu zinaingiza, tena sana, ila njia ya pesa ni ndefu kuliko mabango yanavyoonyesha. Pathaan na Jawan, zote za 2023, kila moja iliuza tiketi za zaidi ya krori 1,000 duniani. Watu wanaposoma hivyo hudhani Shah Rukh alizikunja zote mfukoni.

Tuichukue tiketi moja ya rupia 300 pale Mumbai. Ndani yake kuna kodi ya asilimia 18, inabaki kama 254. Mwenye ukumbi anachukua karibu nusu. Katika zile 127 zilizobaki, msambazaji anakata chake. Kinachofika kwa mtayarishaji ndicho kinacholipa wapigapicha, wapiganaji wa kuruka kwenye majengo, wacheza ngoma mia mbili, matangazo na riba ya mkopo. Baada ya hapo ndipo inaitwa faida.

Waigizaji wakubwa wa India, Shah Rukh akiwemo, mara nyingi hukubaliana na mtayarishaji wagawane faida badala ya kuchukua ujira wote mkononi kabla ya kazi. Filamu ikianguka, unarudi nyumbani na kidogo. Ikipaa, unavuna kuliko mshahara wowote. Na pale ambapo mtayarishaji ni kampuni yako mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Jawan iliyotengenezwa na Red Chillies, wewe ndiye mwenye shamba na ndiye mkulima. Haki za kuionyesha runinga na mtandaoni miaka 20 ijayo zinabaki ndani ya kampuni. Red Chillies ina pia idara ya athari za picha inayofanya kazi kwa ajili ya filamu za watu wengine, kwa hiyo hata mshindani wake akitengeneza filamu yenye mizimu na majengo yanayoanguka, kuna uwezekano ankara ikaishia kwa Shah Rukh.

Njia hiyo ilikuwa na matuta. Kampuni yake ya kwanza, Dreamz Unlimited, aliianzisha mwaka 1999 pamoja na huyo huyo Juhi Chawla na mwongozaji Aziz Mirza; filamu yao ya kwanza haikwenda. Desemba 2018 filamu yake Zero ilianguka vibaya, akakaa miaka minne bila kutoa filamu ya kuongoza. Mwigizaji anayeishi kwa ujira angekuwa ameuza gari. Yeye alikuwa na kilabu.

Jambo hili si la India tu. Arnold Schwarzenegger, aliyetutia wazimu kwenye vibanda vya video akibeba gogo begani, ameingia kwenye orodha ya mabilionea ya Forbes kwa dola bilioni 1.1. Milioni yake ya kwanza aliipata kwenye nyumba za kupangisha huko California, kabla Hollywood haijamjua, na leo sehemu kubwa ya mali yake ni majengo na hisa katika kampuni ya uwekezaji.

Mannat, Hyundai na anasa zinazofanya kazi

Watu hupenda zaidi habari za nyumba, na nyumba yenyewe inastahili. Mannat iko Bandra, Mumbai, inaitazama Bahari ya Arabu. Zamani iliitwa Villa Vienna, na Shah Rukh aliinunua mwaka 2001 kwa bei iliyoripotiwa kuwa krori 13.32. Leo magazeti ya India huitaja kwa krori 200. Jengo la mbele, lile jeupe lenye nguzo, ni la urithi linalolindwa na sheria: huwezi kubomoa ukuta wala kuongeza dirisha ovyo kwa sababu tu una hela. Familia inaishi kwenye jengo la nyuma, lililojengwa baadaye. Mwaka 2025 waliomba kuliongezea ghorofa mbili, wakapitia mamlaka ya ukanda wa pwani, na kwa muda wa ujenzi wakahamia Pali Hill kwenye nyumba za kupanga. Kodi iliyoripotiwa ni zaidi ya rupia laki 24 kwa mwezi. Bilionea naye anakaa nyumba ya kupanga. Wapangaji wa Kisenyi wachukue hiyo.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya lizi ya serikali. Mwaka 2019 ilibadilishwa kuwa umiliki kamili kwa malipo yaliyoripotiwa kuzidi krori 25, kisha ikaonekana serikali ya Maharashtra ilikosea hesabu, na mapema 2025 ikatangazwa kwamba atarudishiwa krori 9 hivi. Yaani kosa la hesabu la ofisi moja lilifika theluthi mbili ya bei ya nyumba nzima alipoinunua.

Lakini roshani ya Mannat haionekani kwenye hesabu ya mthamini, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa. Kila tarehe 2 Novemba, siku yake ya kuzaliwa, na siku za Idi, maelfu husimama barabarani kumngoja atokee, anyooshe mikono yake ile miwili. Picha zinakwenda dunia nzima bila yeye kulipia tangazo. Mwenye bidhaa akitaka sura hiyo ikae kwenye sabuni au simu yake, ameshaona kwa macho umati unaokuja nayo. Hyundai walilijua hilo tangu 1998, walipoingia India na gari dogo la Santro wakamfanya yeye kuwa balozi wao, na hadi leo wako naye. Mwaka 2023 shabiki mmoja alimwuliza mtandaoni juu ya magari yake ya kifahari, akajibu kwamba hana, isipokuwa Hyundai bila shaka, na kwamba habari nyingine ni uzushi. Jibu zuri, na la bure kwa mdhamini. Wiki chache baadaye Rolls-Royce ilionekana ikiingia getini kwake, na magazeti yakacheka.

Anasa za namna hii si lazima zitoke mfukoni. Nyumba yake ya Palm Jumeirah, Dubai, imeandikwa mara nyingi kuwa zawadi ya kampuni iliyojenga kisiwa kile. Mjenzi mwenye nyumba mia za kuuza akimweka Shah Rukh katika mojawapo, zile 99 zinajiuza. Huku kwetu mambo huenda kinyume: msanii wa Kampala anakodi Range Rover ya siku moja apigie video, na jioni anairudisha na deni la mafuta. Yeye analipa ili aonekane. Mwenzake analipwa kwa sababu anaonekana.

Shilingi ya kibanda

Swali ambalo huulizwa kila mara nikieleza haya: je, sisi tumechangia? Tumemwangalia miaka 30, watafsiri wetu wa filamu, VJ Jingo na VJ Junior, wamemfanya aongee Kiganda kama mzaliwa wa Katwe, tumelipa mlangoni kwenye vibanda. Je, kuna chochote kilichomfikia?

Karibu hakuna. Ingia kwenye duka lolote la filamu mjini, lile lenye kompyuta moja ya vumbi na waya wa umeme ulioshonwa kwa gundi. Unatoa flash yako, kijana anakuuliza, "Unataka za Kihindi au za kivita?", anakunakilia filamu kwa bei isiyofika soda, na sauti ya VJ imo ndani tayari. Pesa hiyo inagawanywa kati ya kijana, mwenye duka na VJ aliyetafsiri. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema vingine, lakini kati ya sheria na ile flash kuna umbali mkubwa. Alichopata Shah Rukh kwetu ni umaarufu tu, na haki za kilabu cha Kolkata hazijawahi kuuzwa Kisenyi.

Waliotoa jasho kwenye soko hilo ni watu wetu. Nabwana I.G.G., aliyekuwa fundi wa matofali, alijenga studio yake Wakaliga, mtaa wa mabanda na matope hapa Kampala, na dunia ikaiita Wakaliwood. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemwa ilitengenezwa kwa chini ya dola 200. Waigizaji hawakuwa na mshahara: walibeba DVD wenyewe, wakaziuza nyumba kwa nyumba, na kubaki na karibu nusu ya bei ya kila moja waliyoiuza. Ilibidi wawahi ndani ya siku chache kabla nakala za wizi hazijajaa mtaani. Ukiitazama kwa jicho la biashara, huo ni mkataba uleule wa Shah Rukh wa kugawana faida. Tofauti iko kwenye kile kinachobaki baada ya mauzo. Red Chillies inabaki na haki; Wakaliga ilibaki na sifa, na mwaka 2015, ilipoomba dola 160 mtandaoni ili itengeneze filamu nyingine, ilichangiwa zaidi ya dola 13,000 na wageni ambao haijawahi kuwaona.

Orodha zijazo

Kama utataka kujua mapema orodha zijazo zitasema nini, usihangaike na tarehe za filamu zake. Angalia mkataba wa matangazo ya IPL, unaomalizika 2027. Mwaka 2022 bei ilipanda kwa sababu kulikuwa na wanunuzi wakubwa walioshindana: Disney Star ilichukua runinga, Viacom18 ya kundi la Reliance ikachukua mtandao. Novemba 2024 hao wawili wakaungana kuwa kampuni moja, JioStar. Mnada ujao ukimkosa mshindani mwingine mwenye kifua, bei ya haki inaweza kushuka, mgao wa vilabu ukashuka nao, na Kolkata ikathaminiwa upya. Krori elfu mbili au tatu zinaweza kufutika kwenye jina la Shah Rukh bila yeye kuuza hata kiti kimoja cha Mannat, na za Juhi Chawla zitapungua siku hiyohiyo, kwa kiasi cha zile asilimia 45.